Wasifu wa Kuazima

Mtaa mzima ulimwita Karani, hata watoto wa shule. Alikuwa ameandika kesi mahakamani kwa miaka kumi na tisa. Hakimu akisema, anaandika. Shahidi akilia, anaandika. Mawakili wawili wakipayuka kwa pamoja, anaandika nani kasema nini, na hakosei. Kisha mahakama ikapunguza watu. Karani akarudi nyumbani na barua ya shukrani, kiinua mgongo kidogo na maumivu ya shingo.

Kwa kiinua mgongo kile alinunua kompyuta. Aliiweka kwenye meza ya chakula, kati ya dirisha na jokofu bovu. Mumewe ni fundi wa majokofu, na hilo la nyumbani aliahidi kulitengeneza tangu mwaka juzi. Mafundi mnawajua. Karani alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kufanya kazi za watu wa mbali kwa mtandao, akiwa amekaa kwake. Unafungua ukurasa wako kwenye tovuti ya kazi, unaeleza unachoweza kufanya, na wateja wanakupata hapo. Ukurasa huo ndio unaoitwa wasifu.

Sasa tazama maajabu. Mwanamke aliyeandika maneno ya maelfu ya watu hakuthubutu kuandika maneno yake mwenyewe. Alikwenda kwenye duka la kuchapa barua, pale wanapopiga na picha za pasipoti, akamlipa mwenye duka amwandikie. Mwenye duka alimaliza kwa dakika kumi. Karani aliona Kiingereza kirefu cha kupendeza, akashukuru, akaondoka.

Miezi miwili ikapita. Kila asubuhi aliosha vyombo, akampelekea mama mkwe wake chai, kisha akaketi kuomba kazi. Aliomba hii, akaomba ile, akaomba na asizozielewa. Aliyejibu ni mmoja tu. Huyo alimpa kurasa tisini za kuchapa upya, akamlipa kitu ambacho hakikutosha umeme wa wiki. Mume akaanza kununa. Mdogo wake mume, kinyozi, aliitaka ile kompyuta kwa ajili ya muziki wa kinyozini kwake, na bei alikuwa ameshaitaja.

Mume alisema waiuze kabla haijachakaa. Karani alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Ujuzi wake ulikuwa umebaki na mlango mmoja tu, na mlango huo ni kompyuta ile. Ikiuzwa, yeye angekuwa mtu aliyewahi kuwa karani, basi. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko njaa.

Nyumba ya pili aliishi Mhasibu, mama wa makamo anayetunza hesabu za maduka ya nchi za mbali bila kutoka sebuleni kwake. Karani alimwendea akitegemea kufundishwa namna ya kuomba kazi nyingi zaidi. Mhasibu hakumfundisha hilo. Alifungua ile tovuti kama mteja anayetafuta mtu wa kumpa kazi, akashuka na orodha ya watu polepole.

"Hebu soma," alisema. "Huyu ni nani?"

Ulikuwa wasifu wa Karani. Mchapakazi hodari, mwaminifu, mnyenyekevu, yuko tayari kwa kazi yoyote kwa malipo yoyote. Karani akaitikia kwa kichwa.

"Na huyu?"

Maneno yale yale, neno kwa neno, na picha ya kijana mwenye ndevu. Mhasibu akashuka zaidi. Maneno yale yale, mama mwenye miwani. Tena. Tena. Nyuma ya kila picha kulikuwa na pazia la bluu la duka la kuchapa. Mwenye duka alikuwa ameushonea mtaa mzima shati moja.

Karani alipigwa na butwaa. Lakini baya zaidi lilikuwa chini ya ukurasa. Wasifu wake ulisema ana shahada ya uzamili, anabuni nembo, na anatafsiri Kifaransa.

"Kifaransa?" alisema. "Mimi nakijulia wapi Kifaransa?"

"Kwani hukuusoma?"

Hakuusoma. Aibu ilimwaka usoni. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwasomea mashahidi maelezo yao kabla ya sahihi, ili mtu asitie sahihi uongo. Leo uongo ulikuwa na jina lake na picha yake. Mhasibu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia kwamba tovuti ikigundua uongo huweza kukufungia ukurasa, na mteja akigundua hasahau. Waliufuta wote palepale. Jioni Karani alipomsimulia mama mkwe, bibi yule alicheka mpaka akakohoa. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu," alisema.

Kesho yake walianza upya. Mhasibu alimwambia kwamba mteja hatafuti mtu mnyenyekevu. Mteja ana shida yake, na anatafuta wa kumwondolea. Mwenye jino bovu haendi kwa mtu anayeshona nguo, anayejenga na anayeng'oa meno. Anakwenda kwa daktari wa meno.

"Wewe unaweza nini ambacho mimi siwezi?" aliuliza.

Karani akasema anachapa haraka. Mhasibu akasema hata yeye anachapa haraka. Karani akafikiri, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wanne wakiongea kwa pamoja, yeye humsikia kila mmoja.

Mhasibu akaweka kikombe chini. Akamweleza kwamba watafiti, waandishi wa habari na mashirika wana rekodi nyingi za mahojiano na mikutano. Humo watu wanaingiliana, mbwa wanabweka, mvua inapiga bati, na wenye rekodi hawajui wampe nani aziandike. Wako tayari kumlipa vizuri atakayeandika sawasawa.

Basi kichwa cha wasifu kikataja kazi moja tu: kuandika mazungumzo ya Kiswahili yaliyorekodiwa, yenye sauti nyingi. Mstari wa kwanza ulizungumzia rekodi ngumu ya mteja, na sifa za Karani zikafuata baadaye. Mahakama na miaka kumi na tisa vikatajwa, kwa kuwa ni kweli. Kiingereza kilikuwa chepesi, chake mwenyewe. Picha waliipiga karibu na dirisha, mwanga usoni. Kwenye bei ndipo walipovutana. Karani alitaka kuwa wa chini kuliko wote. Mhasibu alimwonyesha wanachotoza wengine wenye kazi na uzoefu kama wake, akamwambia aanzie katikati. Bei ya kutupa, alisema, huwafukuza wateja wazuri na kuwaita wale wa kurasa tisini.

Ikabaki jambo moja. Mteja ataaminije? Anahitaji mfano wa kazi. Karani alisema ana nakala za kesi za zamani, ataweka moja. Mhasibu alishtuka mpaka akasimama. Siri za watu? Mteja akiona umetoa siri za mahakama, atajua na zake utazitoa. Alimshauri atafute watu wanaobishana, awaombe ruhusa, awarekodi, na afiche majina.

"Wanaobishana ninao," Karani alisema.

Jumapili mume aliitisha kikao cha familia kuhusu kompyuta. Karani aliweka simu katikati ya meza. Aliwaambia anataka kurekodi kwa ajili ya kazi, majina hayatatokea, na kabla ya mtu wa nje kuona watasoma wao kwanza. Shemeji akakubali. Mume akapunga mkono. Mama mkwe alisema kwa umri wake hana siri, zote zilishakwisha. Baada ya robo saa ikaamuliwa: Jumamosi ya mwisho wa mwezi shemeji atakuja na gari kuchukua mali yake.

Jumatatu Karani alivaa hedifoni akaandika kila neno. Alipomaliza alimwita mumewe asome. Mume alikuja na bisibisi mkononi, akainama kwenye kioo cha kompyuta.

SAUTI YA KWANZA: Mimi naomba mpaka mwezi ujao, kwa sababu nime—
SAUTI YA PILI: [anamkatiza] Mwezi ujao wa nini?
SAUTI YA KWANZA: Nimebadilisha ule—
SAUTI YA PILI: [anamkatiza] Miezi miwili umekaa hapo.
SAUTI YA TATU: Na gari nimeshaliomba.
SAUTI YA KWANZA: Lakini Mhasibu ame—
SAUTI YA PILI: [anamkatiza] Mhasibu ndiye anayelipa umeme?
SAUTI YA KWANZA: [kimya, sekunde tisa] Basi.

Mume alisoma mpaka chini. Akarudi juu, akasoma tena.

"Umeongeza," alisema.

Karani akampa hedifoni. Mume alisikiliza robo saa nzima akiwa amesimama, na rangi ya uso ikambadilika. Alikuwa akijiona mtu mpole. Alipozivua alibaki amezishika mkononi, mpaka mama yake akauliza kama kuna jokofu lililomfia.

"Mke wangu, hukumaliza hata sentensi moja," alisema.

"Ndiyo."

"Siku zote niko hivi?"

"Mimi nimeandika ya siku ile tu," Karani alisema.

Mume alimwambia aiweke nakala hiyo kwenye wasifu. Karani akamkumbusha kwamba watu watasoma. Mume akajibu kwamba hawatamjua Sauti ya Pili ni nani, ila yeye anamjua, na inamtosha. Shemeji naye alisoma, akakubali, akacheka kidogo. Mama mkwe alilalamika tu kwamba amepewa mistari michache. Kuhusu Jumamosi hakuna aliyesema kitu, na Karani aliogopa kuuliza.

Safari hii hakuomba kila kazi iliyopita mbele yake. Alichagua tatu, na kila mteja alimwandikia ujumbe wake, akitaja alichokisoma kwenye tangazo lake. Wawili hawakujibu. Siku ya kumi na moja alijibu wa tatu, mtafiti mwenye rekodi arobaini za mikutano ya vijiji kuhusu maji. Aliandika kwamba mifano ya kazi aliyoiona kwa wengine ilikuwa safi kama hotuba. Kwa Karani aliweza kuona nani ananyamazishwa, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Akauliza bei.

Karani aliandika bei ya chini, akaifuta. Akaandika bei ile ile ya kwenye wasifu. Jibu lilikuja kabla hajameza mate: sawa, na waongee kwa video Jumamosi saa nne. Karani alisoma mara tatu. Rekodi sita tu zingemlipa mshahara wake wa mwezi mzima wa mahakamani. Alimkimbilia Mhasibu akidhani mtu yule amekosea kusoma. Mhasibu akasema hajakosea, akamsisitizia mkataba na malipo yote yapitie kwenye tovuti. Karani akakaa sakafuni kwa jirani kama mtoto.

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho wa mwezi. Saa nne na robo, Karani alikuwa akimweleza mtafiti jinsi atakavyozitenganisha sauti, alipolisikia gari likisimama nje. Shemeji akaingia na kamba mkononi.

"Shemeji, iko wapi hiyo—"

Mume alimwahi. Alimshika bega, akamtoa nje, akaufunga mlango taratibu. Lakini ukuta ule ni mwembamba, na masikio ya Karani mnayajua.

"Nilikuahidi, nimekosea, nisamehe," mume alikuwa akisema. "Kompyuta haiuzwi. Na punguza sauti, mke wangu yuko kazini."

Kwenye kioo, mtafiti aliuliza kama kuna tatizo, kama wangoje kwanza.

"Hapana," Karani alisema. "Nilikuwa sijamaliza."