Unga Ndani ya Feni

Jumamosi ile stendi ya Babati ilikuwa imejaa kuku waliofungwa miguu, magunia ya vitunguu na wapiga debe waliokaukiwa sauti. Katikati ya vurugu hiyo alipita Hilaria, blauzi nyeupe imepigwa pasi mpaka kwenye kola, sketi nyeusi, viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Ilikuwa sare ya kwaya. Walikuwa wametoka kuimba kwenye harusi kule Bonga. Lakini sare ya kwaya ikitembea peke yake, bila wanakwaya wenzake, mtu anaweza kudhani lolote.

Xavery alidhani ofisi.

"Karibu, afisa," alisema, akiinuka kwenye stuli. Kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta kilibanana na cha muuza chipsi. Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, bisibisi ndogo ameichomeka nyuma ya sikio. "Halmashauri wanakutesa hata Jumamosi?"

Hilaria alifungua mdomo amsahihishe. Akaufunga. Akatabasamu.

Hapo ndipo uongo ulipoanzia.

Alitoa laptop kwenye mfuko. Ilikuwa ya kuchezea gemu, nzito kama tofali, yenye taa nyekundu chini ya vitufe. Kaka yake Salvatory alimwachia alipokwenda machimboni, na hata wakati huo ilikuwa imeshazeeka.

"Inazimika," alisema. "Ukiandika tu, inatulia. Ukifungua gemu inaunguruma, inachemka, halafu paap! Giza."

"Gemu anacheza nani?"

"Mdogo wangu."

Uongo wa pili huo, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Xavery aliiwasha, akafungua gemu ya mbio za magari. Feni ikaanza kulia kama mtoto mwenye tumbo. Joto likapanda mpaka mkono ukashindwa kukaa juu ya vitufe. Kisha ikatoka harufu. Xavery aliinamisha pua.

"Harufu gani hii? Ya waya kuungua siyo. Kama chakula."

Hilaria aliijua. Ilikuwa harufu ya ukoko wa ugali, ule unaobaki chini ya sufuria. Maana laptop ile haikuwahi kuona ofisi. Ilikaa juu ya gunia la pumba, ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga cha shangazi yake Bernadina kule Bagara. Hapo ndipo Hilaria alipofanya kazi, na hapo ndipo alipocheza gemu kila wateja walipopungua, nyusi zikiwa nyeupe kwa unga kama za bibi kizee.

"Sijui harufu gani," alijibu.

"Inakaa wapi? Pana vumbi?"

"Ofisini. Pana kiyoyozi."

"Imewahi kufunguliwa?"

"Ilisafishwa juzi juzi tu."

Fundi yeyote hufungua kwanza, ndipo aseme. Xavery mwenyewe alikuwa akiwasema wenzake kwa hilo. Lakini siku ile macho yake hayakuwa kwenye skrubu. Akaiweka laptop kando, na wiki zilizofuata akabadilisha chaja, akajaribu memori nyingine, akafuta programu zote na kuziweka upya. Na kila alipomaliza kujaribu kitu, alipiga simu.

"Haloo, afisa. Mgonjwa wako ameshinda salama."

"Na daktari je?"

"Daktari ndiye mgonjwa. Hali chakula, anawaza sauti ya mwenye laptop."

"Acha uongo wewe!"

"Mimi? Mpenzi, mimi kudanganya sijui kabisa. Uliza stendi nzima."

Hilaria akahamishia simu sikio la pili, kana kwamba lile la kwanza limeungua.

Walianza kukutana Jumapili baada ya misa, wakala perege wa kukaanga karibu na ziwa. Kila mara Hilaria alifika amevaa vizuri, kucha amezisugua kwa brashi mpaka zikamuuma, maana unga hujificha kwenye kucha. Xavery alimshika vidole akasema, "Mikono ya kalamu hii." Hilaria akavichomoa vidole, akajifanya anachambua miiba ya samaki.

Halafu siku moja Xavery akatoa jibu.

"Bodi imekufa upande wa picha. Ugonjwa wa wazee. Nitakwenda Arusha kutafuta nyingine."

"Usijisumbue."

"Kwa ajili yako, kipenzi? Ningekwenda kwa miguu."

Pale Hilaria alikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, unga, na mtu asingesafiri bure. Hakulisema.

Asubuhi ya safari alikwenda stendi kumsindikiza. Walikuwa wamesimama mlangoni mwa basi, wanacheka, mara akasikia anaitwa.

"Hilaria! Kumbe uko huku?"

Alikuwa shangazi Bernadina. Alikuja madukani kununua mkanda wa mashine, mweusi, mnene, ameutundika begani. Kitenge chake kilikuwa kimefubaa kwa unga, na kilemba vilevile.

"Shikamoo, mama," Xavery aliamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Xavery akamgeukia Hilaria. "Ni mama yako?"

"Hapana," Hilaria alisema upesi. "Ni jirani yetu."

Shangazi alisikia. Aliupandisha mkanda vizuri begani, akamtazama Hilaria kuanzia viatu mpaka nywele, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Eeh, jirani," alisema. "Safari njema, kijana."

Jioni ile nyumbani, shangazi aliandaa meza kama kawaida. Makande, maziwa ya mgando, vijiko viwili. Akasogea mlangoni pa chumba.

"Jirani, chakula tayari."

Kesho yake: "Jirani, wateja wamefika." Keshokutwa: "Jirani, umelala salama?" Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomchoma Hilaria. Mwanamke huyu alimbeba mgongoni tangu mama yake alipofariki. Hilaria alitaka kumpigia magoti, lakini kila alipomkaribia, aligeuka akashika ndoo ya mteja.

Xavery aliporudi na bodi, akafungua laptop ili aibadilishe. Simu ya Hilaria ikaita.

"Hila! Humu ndani kuna unga! Umeganda kwenye feni kama chapati. Na fukusi mmoja, amekauka! Ofisi gani hii, mpenzi?"

Nyuma yake Brayan, muuza chipsi, akaangua kicheko. Hilaria alikisikia chote. Akakata. Akazima simu, akaifukia kwenye gunia la pumba.

Alikaa hivyo siku kadhaa, anasaga bila kuinua uso.

Mchana mmoja foleni ilikuwa ndefu. Pale Bagara watu hupanga ndoo na madebe yao sakafuni, na kila mmoja husimama karibu na chombo chake. Hilaria, mfuko wa nailoni kichwani, alikuwa akimimina mahindi ya watu. Alipoinua macho kutazama foleni imefika wapi, akaona debe jipya mwishoni. Kando ya debe palikuwa na shati la drafti.

Alirudi nyuma ya magunia. Hapakuwa na nafasi ya kujificha. Alijitazama mikono, myeupe mpaka viwikoni.

"Habari za ofisini!" Xavery alipaza sauti juu ya ngurumo.

Wanawake wa foleni wakacheka. Hilaria akatamani sakafu ifunguke.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kusaga." Akaacha debe, akasogea. "Na kukiri. Bodi haikufa, Hila. Kilichokufa ni akili yangu. Nilisema imekufa kabla ya kufungua. Fundi gani huyo?"

"Mimi ndiye niliyekwambia imesafishwa."

"Ungeniambia inatumia kuni ningeamini." Akatoa laptop kwenye begi. "Nimetoa unga, nimepaka dawa ya kupoza, inakimbia. Nilikwenda kukuulizia halmashauri, wakanitazama kama mwizi. Ndipo nikakaa nikawaza: unga, fukusi, na jirani mwenye mkanda wa mashine. Halafu kwenye gemu, anayeongoza anajiita Malkia wa Bagara. Mdogo wako huyo?"

Kicheko kingine. Hata Hilaria mdomo ulimcheza.

Xavery hakucheka. "Nami nilishajitapa kwa mama kwamba nimepata afisa. Sasa anauliza aje wapi kuleta posa. Aende halmashauri, au aje hapa? Na akifika amuone nani?"

Hilaria aligeuka. Shangazi alikuwa mlangoni anashona mdomo wa gunia, kichwa chini. Mashine ilinguruma. Angeweza kujibu na neno likamezwa na kelele, asisikie mtu.

Akainua mkono, akaizima.

Foleni nzima ikamgeukia.

"Aje hapa," alisema. "Amuone huyu. Siyo jirani. Ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Siku ile stendi nilimkana kwa sababu ya unga." Sauti ikamkatika, akaitafuta tena. "Na gemu ni yangu. Sina mdogo."

Shangazi Bernadina alimaliza kushona mdomo wa gunia. Akakata uzi kwa meno. Akasimama polepole, kwa ajili ya magoti yake.

"Kijana, debe lako liko wapi?"

"Mwisho wa foleni, mama."

"Basi rudi kwenye debe lako. Hapa harukwi mtu."

Kisha akamwendea Hilaria, akashika upindo wa kitenge chake, akamfuta machozi. Kitenge chenyewe kilikuwa na unga, kikamwachia mwingine shavuni.

"Washa mashine, mwanangu," alisema. "Watu wana njaa."