Saa Kwenye Mkono wa Kulia

Ti. Ti. Ti.

Bafuni mlikuwa na giza totoro. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Inspekta alitega sikio, kisha akawasha tochi yake. Matone yalidondoka kwenye beseni kutoka kwenye kamba ya nguo. Kamba yenyewe ilikuwa tupu.

"Filamu imeibwa ikiwa bado mbichi," alisema. "Mwizi hajafika mbali."

Mwenye filamu aliegemea mlango, manjano yamempanda mpaka viwikoni. Alieleza kwa pumzi moja: alijipiga picha mwenyewe kwa kamera kuukuu inayotiwa ufunguo kisha ikajiendesha, akaisafisha filamu humu humu bafuni, akaikwaruza kwa sindano, akaitia rangi ya manjano ya jikoni. Ilihusu mwili wake baada ya kuzaa, na hamu ya kuguswa aliyodhani imemhama. Jioni hii ilikuwa ionyeshwe ukumbini. Nakala nyingine haikuwepo.

"Nani yuko nyumbani?"

"Mume wangu na mtoto tu, afande. Mume yuko kwenye cherehani."

Mlango wa nje haukuwa na alama ya kuvunjwa. Inspekta akaingia chumba cha mbele. Mume, fundi cherehani, alijiinamia juu ya mashati meupe ya shule, salamu akaiitikia puani. Binti yao alikuwa chini ya meza akichezea vipande vya vitambaa.

Inspekta aliinua shati lililokwisha kushonwa. Kwenye kola kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya manjano, mistari yake wazi kama iliyochukuliwa kituoni.

"Fundi, nyoosha mikono."

Kucha zote za manjano.

"Nilikuwa napika."

"Huyu?" mkewe akadakia. "Hata maji ya chai humuungulia."

Fundi akavuta droo. Filamu ilikuwemo, imeviringishwa kwenye bomba tupu la uzi.

"Nimeichukua mimi. Nilitaka kuichoma, mkono ukagoma." Akaielekezea filamu kidole. "Humu kuna mwanamume anamshika mke wangu bega, uso hauonekani. Saa iko mkono wa kulia. Mimi navaa kushoto. Anayevaa kulia ni mwalimu wake wa filamu. Sasa ukumbi mzima unione bwege?"

Mkewe akaichukua filamu, akampa Inspekta.

Inspekta akainyoosha filamu dirishani. Kweli, saa ilikuwa kulia. Akatabasamu.

"Kitambaa unakijua nje na ndani, fundi. Hii umeitazama kwa nyuma, hukuigeuza?"

Akaigeuza. Saa ikahamia kushoto.

"Siku uliyonikanda mgongo," mkewe alinong'ona. "Nilikwambia kamera iko juu ya kabati. Ukacheka."

Fundi aliutazama mkono ule kama mtu aliyerudishiwa kitu asichojua kimepotea.

"Niandike kesi, dada?" Inspekta aliuliza.

"Kwanza aibebe mwenyewe mpaka ukumbini. Akae mbele kabisa."

Binti akatoka chini ya meza, akapanda kiti cha cherehani, akasogeza uso karibu na filamu.

"Huo ni mkono wa baba."