Vidonge Ndani ya Godoro

Mume wangu Njogu alikuwa chini sakafuni, midomo imekuwa rangi ya majivu, anavuta pumzi kama mtu anayezama...

Nikang'oa shuka nimfunike, mkono wangu ukaingia kwenye tundu la godoro.

Vidonge! Vidonge vyake vya kifua, vya miezi na miezi, vyote hajavimeza!

Jamani, nilitaka kulia na kumpiga kwa pamoja.

Majirani wakambeba hadi hospitali. Hii ilikuwa mtaani Shauri Moyo, 1983. Mume wangu alichoma nyama soko la Burma mpaka moshi ukamla mapafu, ndipo akawa kinyozi.

"Kwa nini, Baba Mirriam?" nilimuuliza alipopata nafuu.

Akageukia ukuta.

Lakini mimi nilishajua wa kulaumu. Shamso! Yule mama wa Eastleigh aliyekuwa akimuuzia habasoda, zile mbegu nyeusi, na asali. Nikaenda moto moto.

"Wewe! Umemwambia mume wangu aache dawa?"

"Mimi?" Akaweka kijiko chini. "Wallahi, dada, nilimwambia habasoda ni ya kusaidia tu. Kaka yangu Jama ana kifua hichohicho, na vidonge vya daktari haachi!"

"Sasa nani kamdanganya?"

"Muulize kuhusu mikono yake. Mimi nimeiona akija kununua."

Mikono?

Nilirudi wodini nimechemka. "Njogu, mikono yako ina nini?"

Akafumba macho.

"Nikimeza vile vidonge, inatetemeka. Nilimkata mteja sikio, Wangeci. Damu! Nikakwambia wembe ni mbovu... Nani atampa kichwa chake kinyozi anayetetemeka?"

"Na hukusema?!"

"Ningesema nini? Habasoda haikunitetemesha. Nikajiambia itatosha."

Haikutosha, watu wangu. Karibu nimzike!

Daktari alipopita, nikamwambia yote, hadi habasoda. Hata hakushangaa.

"Wengi hutetemeka. Tutapunguza kipimo. Na chochote anachokunywa, majani au mbegu, mniambie."

Basi! Maneno hayo tu! Sisi tumeishi na siri ndani ya godoro, na jibu lilikuwa la kuuliza tu!

Nilienda kumwomba Shamso msamaha. Akanimiminia chai, hakunisema.

Wewe unayesoma, mmea unaweza kukusaidia, lakini usiupe kazi ya dawa. Na dawa ikikutesa, usiifiche. Sema!

Njogu alirudi kunyoa, mkono umetulia. Lakini hasira yangu, nawaambia ukweli, ilichukua muda mrefu kupona kuliko kifua chake.