Wateja Arobaini wa Paskalina

Suruali ya Bujiku ilichanika siku ya tatu ya maonesho ya madini pale Bombambili, Geita, saa tano asubuhi, uwanja ukiwa umefurika hadi vumbi linakosa pa kutua. Alikuwa anapenya katikati ya mabanda mawili huku amekumbatia kompyuta yake. Msumari wa turubai ukamdaka pajani, naye akavuta tu kama mtu asiyejua ameshikwa. Kitambaa kikalia. Watu wakageuka.

"Kaka, usisogee," sauti ya kike ilisema nyuma yake. "Ukisogea hatua moja tu, maonesho yatakuwa yako."

Aliyesema alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa. Alivaa ovaroli ya rangi ya chungwa iliyobanwa kiunoni ikamkaa kama gauni, na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni. Alimtupia Bujiku kitenge, akamwonyesha pazia, na baada ya dakika mbili Bujiku alikuwa amekaa kwenye stuli, amejifunga kitenge chenye maua ya zambarau, akiitazama suruali yake ikipita chini ya sindano ya cherehani.

"Naitwa Paskalina," alisema bila kuinua macho. "Nashonea wachimbaji. Wewe unayegombana na misumari, kazi yako nini?"

"Bujiku. Natengeneza tovuti. Nimetoka Shinyanga, Ibadakuli."

"Tovuti ninayo. Kuna jamaa alinitengenezea, akahama. Haina faida."

"Umejuaje kama haina faida?"

"Mwaka jana waliingia watu elfu mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuja dukani akasema ametokea huko."

"Umeiwekea malengo?"

"Lengo langu ni kushona watu wavae."

"Hilo unalijua wewe, tovuti hailijui." Bujiku alivuta kitenge magotini. "Hapa bandani wamepita wangapi tangu asubuhi?"

"Nani atawahesabu?"

"Na waliosimama ukawapima?"

"Kumi na wawili."

"Basi hao ndio wanaohesabika. Tovuti yako inahesabu wapita njia. Inabidi uifundishe kumtambua anayesimama: aliyebonyeza kitufe akupigie, au aliyejaza fomu ya vipimo. Hapo ndipo utajua ukurasa upi unaleta watu na upi umekaa bure."

Paskalina alikata uzi kwa meno, akamrushia suruali. "Vaa. Kisha uje unifundishie hiyo tovuti adabu."

Alikwenda wiki iliyofuata. Duka lilikuwa mjini Geita, chumba kimoja chenye cherehani tatu. Mkata nguo alikuwa Mama Kalisti, mwanamke wa makamo kutoka Kharumwa aliyefanya kazi na Paskalina mwaka wa sita sasa. Mkasi wake ulikuwa hauombi chaki.

Tovuti ilikuwa na kurasa chache. Ya ovaroli, ya sare za shule, na moja ya magauni ya harusi, ambayo Paskalina aliiweka kwa kujaribu bahati. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kupigwa picha, gauni alilivaa mwenyewe: jeupe, mikono mirefu ya lesi, shela limetupwa nyuma, naye akicheka kitu kilichokuwa nje ya picha. Chini ya picha palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa *Piga simu*.

Bujiku aliweka malengo mawili, kitufe na fomu, kwa kila ukurasa. Kompyuta yake ya kazi aliitoa kwenye hesabu, kama kazi inavyotaka, ili majaribio yake yasichanganyike na wateja. Simu aliiacha. Alitaka kwanza kukijaribu kitufe nayo, kisha aitoe.

Alikijaribu jioni hiyohiyo, basi liliposimama Kahama.

"Haloo, karibu kwa Paskalina," ilisema ile sauti.

"Ni mimi. Najaribu kitufe."

"Kimefanya kazi?"

"Kinaonekana kinafanya. Ngoja nikijaribu na kesho."

Akakijaribu kesho yake na keshokutwa. Asubuhi saa moja, kabla ya kufungua ofisi, alifungua ukurasa wa magauni, akamtazama yule bibi harusi asiye na bwana, kisha akabonyeza. Jioni saa kumi na moja akabonyeza tena. Namba ya Paskalina alikuwa ameihifadhi, lakini kwenye orodha ya namba hapakuwa na picha.

"Mtaalamu, umekula?"

"Nimekula. Fundi wangu je?"

"Nimekula ugali na sauti yako. Sijashiba."

"Nije na mboga?"

"Njoo na suruali nzima, nyingine nimechoka kuziba."

Wakawa wapenzi kwa namna hiyo, bila mtu kutangaza. Bujiku alikwenda Geita Jumapili moja na kuruka nyingine. Walikula samaki, walitembea, walicheka. Mama Kalisti alikuwa akimpokea kwa "Mkwe umefika?" na Bujiku alikuwa akijibu "Shikamoo, mama," ambalo halikuwa jibu la swali aliloulizwa.

Januari Paskalina alimpigia, sauti imepanda juu.

"Nimeamua! Ripoti ya Desemba ninayo hapa. Ukurasa wa magauni, waliobonyeza arobaini. Ovaroli, tisa. Sare, watatu. Kumbe nilikuwa nang'ang'ania wachimbaji, na maharusi wananitafuta!"

"Arobaini?" Bujiku alifurahi kwa dhati. Alijiona fundi. "Nilikwambia, malengo yanaonyesha."

"Chama cha wachimbaji kule Nyang'hwale walitaka niwashonee mwaka mzima. Nimewaambia watafute mwingine. Mama Kalisti hataki mambo ya lesi, anasema macho yake ni ya turubai. Tumeagana leo. Amelia, nami nimelia."

"Pole, mpenzi. Lakini namba hazidanganyi."

Sentensi hiyo aliitamka kwa kujiamini. Baadaye aliikumbuka mara nyingi kuliko alivyopenda.

Paskalina alibandua picha za ovaroli ukutani, akaweka kioo kirefu na mapazia meupe. Alishona magauni sita. Wiki zikapita, magauni yakaning'inia, vumbi likaanza kutafuta njia ya kuingia kwenye lesi. Maharusi wa Geita waliendelea kupanda mabasi kwenda Mwanza.

"Bujiku," alisema asubuhi moja, "ripoti inasema mwezi huu wamebonyeza arobaini na watatu. Simu hii nalala nayo, naamka nayo. Hao arobaini na watatu wanapiga wapi?"

"Ngoja niangalie."

Akaangalia. Alifungua ripoti ya vifaa vilivyotumika, akaona karibu mibonyezo yote ya ukurasa wa magauni inatoka kwenye aina moja ya simu, aina ambayo huenda Geita nzima haikuwa nazo tatu. Akafungua ripoti ya saa. Saa moja asubuhi. Saa kumi na moja jioni. Simu yenyewe ilikuwa mezani, karibu na kikombe cha chai. Aliitazama muda mrefu.

Hapo ndipo angepaswa kumpigia. Badala yake aliitoa simu yake kwenye hesabu, akafunga kompyuta, akaenda kwa kinyozi ingawa nywele zake hazikuwa ndefu.

Ripoti ya wiki iliyofuata ilionyesha bonyezo moja.

"Umegusa nini?" aliuliza Paskalina.

"Mtandao ulisumbua. Utakaa sawa."

"Utakaa sawa lini?"

"Wiki hii, hii."

Akamjibu hivyohivyo na wiki iliyofuata. Lakini Paskalina alikuwa fundi, na fundi haamini jicho mahali penye utepe. Alifungua simu yake, akaishusha orodha ya waliopiga hadi mwezi wa kumi, walipokutana, akailaza pembeni ya ripoti. Siku kwa siku, saa kwa saa. Hakuhitaji kompyuta.

Alimpigia Ijumaa mchana.

"Wateja wangu arobaini nimewapata," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha Bujiku. "Wote wanaitwa Bujiku."

"Paskalina, nisikilize..."

"Ulijua lini?"

Bujiku aliinuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Sikuulizi kwa nini ulikuwa unabonyeza. Ningekuwa mjinga kukukasirikia kwa kunipigia. Nakuuliza ulijua lini."

"Wiki mbili zilizopita. Na siku tatu."

"Wiki mbili. Siku ile ile ungesema, ningemfuata Mama Kalisti. Ningerudi kwa wale wa Nyang'hwale kabla hawajapata fundi mwingine. Wamempata Jumatatu." Akavuta pumzi. "Ulikuwa unaogopa nitakasirika. Kwa hiyo ukaniacha niendelee kuzama, ili mradi sijakasirika."

"Niliona aibu."

"Basi kaa nayo."

Simu ikakatika. Bujiku alipiga tena, ikaita, haikupokelewa. Siku ya nne aliacha kupiga.

Aprili alipanda basi hadi Kharumwa. Alimkuta Mama Kalisti barazani kwake, ana cherehani yake mwenyewe, na rundo la suruali za wachimbaji zinazosubiri viraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nini ambacho Paskalina hajaniambia?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ulitoka kazini kwa kosa langu. Nimekuja pia kukuomba urudi."

Mama Kalisti alimaliza mshono, akageuza suruali, akaukagua. "Radhi nimepokea. Wabeja, asante. Kurudi sirudi. Hapa nalala kwangu, nasikia kuku wangu asubuhi." Akamtazama. "Kwake hukwenda?"

"Hapokei simu."

"Nimekuuliza kama ulikwenda."

Bujiku aliuliza basi la kwanza la Geita huondoka saa ngapi.

Alikwenda Geita kesho yake. Duka lilikuwa na cherehani mbili badala ya tatu, na kioo kirefu kilikuwa kimegeuzwa ukutani. Paskalina alivaa dera la kijivu, kichwa amekifunga, na alikuwa akishona sare za shule. Hakusimama, hakumfukuza.

"Nimekosa," alisema Bujiku akiwa mlangoni. "Si kubonyeza. Kunyamaza. Nimekuja kusema hilo tu."

Cherehani ikaenda mwendo wa mshono mzima. Kisha ikasimama.

"Kaa. Nifundishe kuyaweka mwenyewe hayo malengo. Usiguse kitu, sema tu, nitabonyeza mimi."

Alikaa. Walifanya kazi hadi adhuhuri, yeye mikono ameifungia kifuani. Paskalina alifuta kitufe kwenye ukurasa wa magauni, akaweka lengo jipya kwenye sare za shule, akauliza maswali makali, akaandika majibu. Mapenzi hayakutajwa. Alipokuwa anaondoka, Paskalina alimwita.

"Mwezi wa sita baba anavuna mpunga Kagongwa. Wavunaji ni wachache. Kama una mkono, njoo na mundu."

Akaenda. Mzee Maduhu, baba yake Paskalina, alimpokea salamu, akampima kwa macho kuanzia viatu hadi shati, akamwonyesha mstari wa kuanzia. Paskalina alikuwa upande wa pili wa jaruba na wanawake wa jirani, amekunja kanga hadi magotini. Kufika saa nne, viganja vya Bujiku vilikuwa vimetoka malengelenge. Mzee alimfikia kwa mwendo wa pole, akainama kukata pembeni yake.

"Kijana, unamtaka binti yangu?"

"Namtaka, baba."

"Umemwambia?"

Bujiku alifikiri. Alizipitia simu zote za asubuhi na za jioni, Jumapili zote, utani wote. Alishangaa.

"Hapana, baba."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje?"

Bujiku aliweka mundu chini. Akavuka jaruba, matope yakimvuta miguu, wavunaji mmoja mmoja wakinyanyua vichwa. Alisimama mbele ya Paskalina, jasho linamchuruzika, shati limemganda mgongoni.

"Paskalina, nakupenda. Nataka unioe... nataka nikuoe."

Wanawake waliangua kicheko. Paskalina hakucheka. Alimtazama usoni, kisha viganja, kisha usoni tena, na macho yakamjaa maji ambayo hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mpunga.

"Nimesikia," alisema. "Na nimekubali. Sasa nenda kamalize mstari wako, baba asije akaumaliza yeye."