Birika la Mama Mkwe Bwawani

Asubuhi ile nilimtoa samaki mwingine wa trauti majini, amekufa. Wa ishirini na tisa! Tulianza na arobaini.

"Nimechoka," mume wangu alisema. "Akifa mwingine, nafukia bwawa."

Nilishtuka. Tangu astaafu udereva, bwawa lile la saruji nyuma ya nyumba ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Likifukiwa, atashinda anatazama dari.

Niliacha cherehani yangu nikamwita jirani. Amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la trauti. Alikuja na kipimajoto, akakitumbukiza majini. Samaki walikuwa juujuu, midomo wazi, wanahema.

"Nani kafunga bomba?" aliuliza.

"Mimi," mume wangu alijibu. "Maji yakiingia kwa kasi wanachoka kuogelea. Nawaacha wapumzike."

"Wapumzike! Unawanyima pumzi, shemeji. Trauti anataka maji yaingie na kutoka, usiku na mchana. Hayo ndiyo yanayomletea hewa."

Akasoma kipimajoto, akakunja uso. "Na mbona maji yana uvuguvugu?"

Hapo mama mkwe akatokea jikoni na birika mkononi, linafuka mvuke.

"Hebu nipisheni. Watoto wangu wanapigwa na baridi."

Nilimzuia njiani. "Mama! Kumbe unawamwagia maji ya moto?"

"Kidogo tu, kila asubuhi. Wewe ungekubali kulala kwenye baridi ile?"

"Mimi si samaki, mama!"

Jirani alimshika mkono kwa upole. "Mama, trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipata joto, hewa ndani yake inapungua. Jua limeshapasha maji haya yaliyosimama. Birika lako linawamalizia."

Nilifurahi kwamba wakosaji wamejulikana. Nilifurahi mapema mno. Jirani alichota kitu cheupe, chenye utelezi, kutoka chini ya bwawa.

"Na mkate huu?"

Mama na mwanawe wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Kila jioni nilikuwa nawatupia mabaki ya mkate, tena bila kipimo.

"Unaoza na kuchafua maji," jirani alisema. "Wape chakula cha trauti, kiasi wanachomaliza kwa dakika chache. Kikibaki, kitoe. Na leo wasile kabisa."

Tulitoa uchafu wote. Mume wangu alifungua bomba, akaliinua juu ya mawe ili maji yaanguke kwa kishindo na kuchanganyika na hewa. Mimi nilishona magunia kuwa kivuli. Mama mkwe alinuna siku mbili.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Wale kumi na mmoja waliobaki wangali hai, na wamenenepa. Mume wangu anaamka kabla yangu kwenda kusafisha wavu wa tundu la kutolea maji.

Mama mkwe hajaacha kuja na birika. Jana alitumbukiza kidole majini, akatetemeka.

"Wanateseka hawa," alinung'unika.

Kisha akageuka, akammiminia mwanawe chai.