Mbuzi wa Phinées, Suti ya Ananie

— Phinées, rudisha nyuma! Ile parcelle yenye nyumba ni ya kwetu!

Kyakimwa aliinuka kitini. Walikuwa wawili tu katika atelier, karakana ya mpenzi wake, Butembo, macho kwenye laptop. Droni aliyoihangaikia Phinées mwaka mzima ilikuwa imepaa kwa mara ya kwanza: mikono ya bomba la alumini, miguu ya plastiki ya dumu, kompyuta ndogo kama kiberiti, na programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Sasa ilikuwa inatuma picha kutoka ng'ambo ya kilima.

— Baba badogo bote beko pale! Na mbuzi... kumi! Phinées, ulituma mahari bila kuniambia?

— Mimi? Hapana!

Aliishusha droni kidogo. Mbuzi mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Phinées akatoa macho.

— Ile ni ya kwangu! Zote ni za kwangu! Si nilimuachia Ananie azichunge kwabo Kasugho?

— Lakini Ananie si iko Beni? Alisema anaenda kukutafutia batri!

Mtu mwenye suti akasimama mbele ya wazee. Ananie mwenyewe, rafiki wa kula sahani moja! Jamani, kikulacho ki nguoni mwako. Phinées akakaa chini kwenye sementi.

Hapo hapo SMS ya baba ikaingia kwa Kyakimwa: "Rudi nyumba mbio. Bwana yako amefika."

Akampigia. Kwenye laptop walimwona mzee akiweka simu sikioni.

— Papa, uyo mutu hapana bwana yangu!

— Namna gani? Anasema mulishasikilizana.

— Uongo! Mwenye napenda ni Phinées. Na zile mbuzi ni za Phinées, alimupatia azichunge tu!

— Wewe uko mbali, unajua mbuzi namna gani?

— Angalia juu, Papa.

Nyuso zote zikainuka. Baba mdogo mmoja alijitupa chini ya meza, maana huku kwetu kwenye vita, kitu kinacholia angani hakiulizwi jina.

— Ni Phinées anabaona. Muulize Ananie, ile pembe ilivunjika namna gani?

Wakasikia mzee akiuliza. Ananie akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye lango.

Phinées aliichukua simu.

— Papa, pardon. Nitakuya kuchukua mbuzi zangu.

— Kuchukua? — mzee akafoka. — Mbuzi yenye ilishaingia kwa mukwe hairudie! Mwenye kurudi kwabo ni huyu mwizi. Na wewe unafanya nini huko? Bazee banangoja bwana ya mutoto. Kuya!

Phinées akakata simu. Kyakimwa alikuwa analia na kucheka pamoja, anamvuta shati.

— Na droni yako? — akauliza.

— Itarudi yenyewe. Twende, kabla Papa hajabadilisha roho!