Inua Macho, Bibiana

Mpunga wa Agapiti pale Lumemo ulikuwa umetoa masuke, na ndege hawakungoja kualikwa. Agapiti alimwambia mkewe, Eufrasia, "Bibiana aache shule. Aendelee kuamia ndege, awafukuze mpungani kama wiki hii yote."

"Aache kabisa?"

"Yuko darasa la tatu, hajui kusoma hata 'baba'. Alichofaulu ni jeuri tu. Namwita, kimya kama gogo!"

Pikipiki ilisimama uani. Alikuwa Mwalimu Restuta, mwalimu wa elimu maalumu. Zamani alifundisha shule moja. Sasa wenye shule hiyo, ambao wana nyingine kadhaa, ikiwemo ya Bibiana, wamempa pikipiki azizungukie zote. Alikuja kuuliza kwa nini Bibiana haonekani darasani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Bibiana, akimkazia macho mdomoni.

"Marahaba, mwanangu."

"Inamisha macho!" baba alifoka, akionyesha chini kwa kidole. "Mkubwa hatazamwi hivyo!"

Mtoto akainama.

"Bibiana, una miaka mingapi?" mwalimu aliuliza.

Kimya.

"Si umeona jeuri hiyo?" alisema Agapiti.

Restuta alimwinua mtoto kidevu taratibu. Akauliza tena, kwa sauti ileile.

"Tisa," alijibu Bibiana.

Eufrasia aliacha kupepeta mchele.

"Huyu hasikii vizuri," alisema mwalimu. "Anasoma midomo yenu. Mkimwinamisha macho, mnamziba na masikio."

Agapiti alitaka kucheka. Kicheko hakikutoka. "Kumbe nimekuwa nikimchapa kwa..."

"Sikio hutoa usaha," Eufrasia alisema kwa sauti ndogo. "Huwa namtia mafuta."

"Acha, mama. Usitie kitu. Mpelekeni hospitali atibiwe, apimwe na usikivu. Darasani atakaa mbele. Na mwalimu awatazame watoto, asiongee na ubao."

"Kwani kuna wanaoongea na ubao?"

"Wengi, baba. Na ubao haujafaulu mtihani hata mmoja! Nitawafundisha walimu wa shule zetu zote."

Agapiti alichuchumaa mbele ya binti yake. "Kesho shule," alisema polepole.

"Na ndege?"

"Ndege nitawaamia mimi."

Usaha ulitibiwa ukakauka. Usikivu haukurudi wote. Lakini muhula ulipoisha, Bibiana alimsomea baba yake ukurasa mzima. Alikosea neno moja. Agapiti alifungua kinywa amsahihishe, kisha akakifunga. Akangoja kwanza mtoto ainue macho.